Fagio la Nahodha

"Usitikisike," alisema Lachie, akiwa amepiga magoti juu ya barafu. "Ukitikisika, duara linakuwa yai."

"Hata yai ningelila. Sijanywa hata chai," Hoani akajibu, lakini akazidi kuukandamiza kwa buti msumari wa katikati.

Lachie aliuzungusha ubao taratibu. Ulikuwa ubao mrefu uliotokeza misumari upande wa chini, na kila ulipopita uliacha mistari myeupe na unga wa barafu mlaini kama sukari. Hakuwa na haraka. Ndivyo alivyofanya kila kitu, kukaza waya za uzio au kumgeuza mwanakondoo aliyekaa vibaya tumboni. Jua lilikuwa bado nyuma ya milima ya Hawkdun. Kwenye ukingo wa bwawa watu walikuwa wakishusha mawe kutoka kwenye magari, mawe mazito ya mviringo yenye mishikio, na kila jiwe lilipowekwa chini barafu yote iliguna, kama mtu aliyeguswa usingizini.

Kwa miaka mingi Julai ilikuwa imekuja na matope matupu. Mwaka huu baridi ilishuka ikakaa. Juzi jioni simu zililia nyumba hadi nyumba katika uwanda mzima wa Maniototo, na kila aliyepokea aliambiwa neno moja tu: "Imeshika." Hakuna aliyeuliza ni nini kilichoshika; barafu ya bwawa sasa ilikuwa ikibeba watu. Kufikia asubuhi ile mafundi walikuwa wameyaacha matrekta yakiwa wazi matumbo, wakulima wamewamwagia kondoo nyasi kavu za siku mbili, na mwalimu amewaambia watoto waje na kofia badala ya vitabu.

"Fraser ameshasema lolote kuhusu nyumba?" Hoani aliuliza.

"Anasema tutaongea."

"Anasema hivyo tangu lini?"

"Tangu mzee wake alipomwachia shamba."

Hoani alikuwa dereva wa basi la shule, na hakuna jambo alilokosa kulitania. Lachie alingoja utani. Haukuja. Hoani alijifuta pua kwa glavu, akatazama milima.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao, vyumba viwili na jiko, karibu na banda la kunyolea kondoo. Lachie na Merle waliishi humo tangu walipooana. Haikuwa yao, ilikuja pamoja na kazi, na kazi ilitoka kwa mzee Dougal Gilchrist. Sasa nyonga za mzee zilikuwa zimekwisha, shamba lilikuwa mikononi mwa mwanawe, na Lachie alikuwa amevuka miaka sitini na magoti yaliyolalamika kila alipopanda ngazi ya trekta. Kabla ya baridi kuingia, alikuja mtu asiyemjua akapima madirisha. "Mambo ya bima," Fraser alisema. Kila jioni Merle alimwambia mumewe, "Muulize." Kila jioni Lachie alijibu kwamba atamuuliza.

Mchezo ni kusukuma mawe yateleze juu ya barafu hadi kwenye duara, na jiwe lililo karibu zaidi na kitovu ndilo hushinda. Timu yao ilikuwa ya watu wanne. Mzee Dougal alikuwa nahodha, Fraser wa tatu, Hoani wa pili, Lachie wa kwanza. Wa kwanza husukuma mawe yake kabla ya wote, kisha hushika fagio na kuisugua barafu mbele ya mawe ya wenzake ili yafike mbali. Mtu huanza wa kwanza, na akiwa mtu wa kuajiriwa, huenda akafa akiwa bado wa kwanza. Nahodha husimama mwisho wa pili wa uwanja na kuliweka fagio lake mahali pa kulenga, na watu wote, mwenye shamba na asiye na shamba, hulitii fagio hilo. La kina Gilchrist lilikuwa limepita mikononi mwa baba wa Dougal na babu yake. Mpini wake ulikuwa mweusi kwa jasho la ukoo. Mwaka huu kila mtu alijua kwamba lingekwenda kwa Fraser.

"Lachie! Njoo hapa."

Mzee alikuwa amekalishwa karibu na pipa la moto, blanketi magotini, kofia ya sufu yenye beji nyingi ikiwa imemfunika masikio. Fagio lilikuwa limelazwa mapajani mwake.

"Shika."

"Nimpelekee Fraser?"

"Nimesema shika, sikusema peleka. Leo unaongoza wewe."

Watu waliokuwa wakiota moto waligeuka. Fraser, mtu mrefu mwenye ndevu nyekundu, alikuwa akikagua soli ya buti lake.

"Na Fraser je?" Lachie aliuliza.

"Fraser ana muda mwingi mbele yake. Haya, liondoe fagio hili mapajani mwangu, linaniumiza."

Mtu mmoja alipiga makofi, kisha wote. Lachie alilipokea fagio kwa mikono miwili. Halikuwa zito, lakini alijikuta akitafuta pa kuweka miguu. Kuna kitu kilichomkaa kifuani kwa muda mrefu kama mwiba wa samaki, na hapo kikashuka. Fagio lile hapewi mtu anayefukuzwa. Hakuna Gilchrist ambaye angeliweka kwenye mikono inayoondoka kesho. Alimtafuta mkewe kati ya wanawake waliokuwa wakipanga mikate iliyokunjwa yenye jibini, akamwona amesimama na kijiko kikubwa hewani, supu ikimdondokea kwenye buti. Naye alikuwa ameelewa hivyohivyo.

Asubuhi ile ilikuwa njema. Watoto waliketi kwenye masinia ya bati wakavutana hadi wakaangukiana. Mbwa wa mtu alijaribu kulikimbilia jiwe, miguu minne ikaenda pande nne, na bwawa zima likacheka. Mvuke ulipanda kutoka kwenye masufuria, kwenye vikombe, kwenye vinywa. Lachie alisimama ndani ya duara alilolichora mwenyewe, akaliweka fagio, akapaza sauti ambayo hakujua anayo.

"Sugua! Hoani, sugua! Sugua kama una deni na barafu!"

"Nasugua, mheshimiwa! Nisugue na kiatu chako pia?"

Walishinda mchezo wa kwanza. Merle alimletea chai yenye sukari nyingi, akamrekebishia skafu ingawa ilikuwa imekaa vizuri.

"Umesimama pale kama askofu," alisema.

"Acha maneno."

"Kweli. Umeokota tumbo lote ukaliweka kifuani." Akasogea karibu, akateremsha sauti. "Lachie, sasa si ninaweza kupaka rangi jikoni?"

"Paka."

"Ile ya njano?"

"Paka hata nyekundu, mke wangu."

Alicheka, akampiga begani na glavu, akarudi kwenye sufuria zake. Wanawake wenzake walimpisha nafasi karibu na moto. Mmoja, Noeline, alimshika mkono akakaa nao kidogo.

Adhuhuri, Lachie alimpelekea mzee Dougal bakuli la supu ya kondoo. Alichuchumaa kando ya kiti chake, magoti yakalia, na wakala kama walivyokula mara mia kadhaa chini ya ukuta wa banda.

"Umelishika vizuri," mzee alisema.

"Linajishika lenyewe."

"Hapana. Lina watu wake." Mzee alilamba kijiko. "Nilimwambia Fraser, fanya unavyotaka na nyumba, shamba ni lako, mimi sitii mguu. Lakini Lachie haondoki hapa bila kulishika fagio lile hata mara moja. Nikamwambia, hilo utanipa. Akanipa. Si mtoto mbaya."

Lachie aliitazama supu yake. Kipande cha karoti kilikuwa kikizunguka polepole.

"Haondoki," alirudia.

"Eh?"

"Umesema sitaondoka bila kulishika."

"Ndiyo. Na umelishika." Macho ya mzee yalikuwa ya buluu, yenye machozi ya baridi, na hayakuwa na hila yoyote. Kisha yakabadilika. "Si amekuambia? Alisema angekuambia wiki iliyopita."

"Ameniambia," Lachie alisema.

Hakujua kwa nini alisema hivyo. Labda kwa sababu bakuli la mzee lilikuwa limeanza kuinama, na supu ilikuwa ya moto.

"Basi vizuri," mzee alisema. "Basi vizuri. Mtoto mbaya hafanyi hivyo."

Mchezo wa pili ulianza jua likiwa limeshageukia upande wa magharibi. Lachie alirudi kwenye duara. Aliwaona watu wote kwa uwazi wa ajabu, kama mtu aliyevaa miwani mara ya kwanza. Aliona walivyomtabasamia haraka kisha wakatazama pembeni. Aliona kwamba wapinzani, watu wa bonde la jirani wasiowahi kumsifu mtu, walikuwa wakimsifia hata mawe yaliyokosea.

"Mbona kimya, nahodha?" Hoani aliuliza alipopita na fagio lake.

"Wewe ulijua."

Hoani alisimama. Alifungua mdomo, na kwa mara ya pili siku ile hakukuwa na utani ndani yake.

"Kaka, haikuwa habari yangu ya kusema."

"Nenda kasugue," Lachie akamwambia.

Mwishowe walikuwa sawa kwa pointi. Jiwe la wapinzani lilikaa karibu na kitovu cha duara, na mbele yake palikuwa na njia moja tu nyembamba. Ilikuwa zamu ya Fraser. Alisimama mbali kwenye bati lake la kusimamia, lenye meno ya kuishika barafu, jiwe mkononi, akingoja aonyeshwe.

Lachie aliliweka fagio chini. Alijua barafu ile. Jioni inapoingia inakuwa nzito, na jiwe huvutwa kushoto kuelekea ukingoni. Aliliweka fagio mahali ambapo jicho la mtu wa kawaida lingeona ni sawa, upana wa kiatu kimoja kutoka mahali penyewe. Jiwe lingepita pembeni kabisa, na watu wangesema barafu imegeuka. Fraser angesema hivyohivyo.

Aliliacha hapo. Kule mwisho Fraser aliinama, akalipima kwa macho. Uso wake mwekundu ulikuwa umetulia. Aliliamini fagio kama mtoto anavyoamini ngazi za nyumbani kwao gizani.

"Subiri," Lachie akaita. Akalisogeza fagio mahali pake. "Hapa."

Jiwe lilikuja likinguruma, Hoani akilifagilia mbele, likapenya, likaligonga la wapinzani kwa sauti kavu, likakaa kwenye kitovu. Wapinzani walijaribu kuling'oa wakashindwa, na mchezo ukaishia hapo. Watu walirusha kofia. Fraser alikuja akiteleza, akamkumbatia Lachie hadi miguu ikainuka.

"Umeona? Umeona, Lachie? Tungefanya nini bila wewe!"

"Lini?" Lachie aliuliza.

"Lini nini?"

"Nyumba."

Fraser alimshusha. Alitazama kule kwenye moto alikokuwa baba yake, akavua kofia, akaivaa tena.

"Nilitaka nikuambie kesho, baada ya yote haya kwisha. Sikutaka kukuharibia siku."

"Lini, Fraser?"

"Ni wale watalii wa baiskeli. Kila kiangazi wanapita, hawana pa kulala, nyumba nitawapangisha wao. Benki inaniangalia, Lachie, wewe hujui." Alikuwa akiongea na ndevu zake. "Oktoba. Si kabla kondoo hawajazaa. Ningependa uwepo kwenye kuzaa, hakuna anayewajua kama wewe. Baadaye ndiyo... Kuna vijumba vya wazee mjini, Alexandra, vizuri kabisa. Vina joto."

"Nizalishe kwanza."

"Usiseme hivyo."

"Nasema ulivyosema wewe."

Fraser alikung'uta barafu kwenye buti lake. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu aliyepata kitu cha kutoa, "Kesho asubuhi tunacheza tena. Fagio ni lako. Baba amesema, na mimi nasema."

Lachie alitazama chini. Meno ya mabati ya kusimamia yalikuwa yameitafuna barafu siku nzima, na kila mwisho wa uwanja ulikuwa umejaa mashimo.

"Yanahitaji maji," alisema. "Yagande usiku."

"Utayafanya? Asante, Lachie." Fraser alimgusa bega, akaondoka akielekea kwenye moto, akitembea upesi.

Lachie alichota maji kwa ndoo kutoka kwenye tundu walilotoboa ukingoni, akayatia kwenye kopo la kumwagilia bustani, akaanza. Shimo moja, kisha lingine. Milima ilikuwa ya waridi, kisha ya kijivu. Merle alikuja akiwa na funguo za gari mkononi, na alipomwona uso akazitia mfukoni.

"Sema."

Alimwambia. Haikuchukua maneno mengi. Merle alisikiliza akiwa ametazama ukingoni, walikokuwa wenzake wakikunja vitambaa vya meza.

"Nani mwingine alijua?"

"Hoani."

"Na Noeline?"

"Nadhani wote, Merle."

"Wale wote." Alivuta pumzi, ikatoka nyeupe. "Nimewagawia supu kutwa nzima. Noeline alinishika mkono nikadhani ana baridi." Kisha akaligeukia lile kopo. "Na wewe unawazibia mashimo."

"Yasipozibwa, kesho mtu atavunjika mguu."

"Na avunjike."

Lachie aliinama, akajaza shimo lingine. Merle alisimama hapo kwa muda, mikono kwapani. Halafu akaichukua ndoo, akaenda kwenye tundu, akarudi nayo imejaa, akaiweka karibu naye kwa kishindo, maji yakamrukia mumewe kwenye suruali. Walimaliza uwanja wa kwanza hivyo. Kwenye wa pili walifika katikati. Merle alipokwenda kuchota tena alikuta tundu limeshaanza kufunga, akalipiga kwa kisigino, likakataa.

"Limeshika," alisema.

Lachie alitikisa kopo. Lilikuwa tupu.

"Kesho," alisema, lakini hakusogea.

Ukingoni taa za magari ziliwaka moja moja, zikageuka, zikaifagia barafu na kuondoka. Mtu alipiga honi ya kuaga. Hawakuinua mikono. Lachie alikuwa akitazama shimo la mwisho alilolijaza. Maji yalitikisika kidogo, yakatulia, na kutoka pembeni ngozi nyembamba ikaanza kutambaa kuelekea katikati. Upande wa pili wa buti lake mashimo mengine yalikuwa wazi, yamepangana hadi gizani.