Semeni na Tarehe Ishirini na Tisa

Kila Februari ilipoingia, nyumba ya Semeni na mumewe Abuu, pale Bigwa, iligawanyika. Wote wawili walifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha magunia mjini Morogoro, ila Semeni alikuwa karani wa mshahara wa mwezi, na Abuu alikuwa kibarua wa kupakia mizigo, mtu wa kulipwa kwa siku. Mwezi mfupi ulimchekesha Semeni: mshahara uleule, kazi pungufu. Abuu yeye alinuna, maana siku isiyokuwepo haina ujira.

Mwaka tisini na sita mambo yakageuka. Alhamisi ile, tarehe ishirini na tisa, Abuu aliamka akiimba mpaka kuku wakatawanyika uani.

"Leo mwenzio nalipwa," alimwambia mkewe akifunga kamba za viatu. "Wewe nenda kaitoe siku yako sadaka."

Neno lile lilimkwama Semeni kama mwiba wa samaki kooni. Alipofika ofisini akamsimulia mwenzake Filomena, Filomena akawasimulia wengine, na kabla ya chai makarani wote walikuwa mlangoni kwa meneja, Bwana Jonathan. Huyu aliletwa na tajiri aliyekinunua kiwanda kutoka serikalini, na tangu aje watu wengi walikuwa wamepunguzwa kazi. Hakuna aliyetaka kutangulia. Filomena akamsukuma Semeni ndani.

"Shikamoo, bosi. Tumekuja kuulizia siku ya leo. Vibarua wanalipwa. Sisi je?"

Bwana Jonathan aliweka kalamu chini. "Marahaba. Mwaka jana Februari iliisha mapema, na mshahara ulichukua mzima. Ulirudisha chochote?"

Makarani wakaangua kicheko, wakimcheka mwenzao waliyemtuma wenyewe. Uso ulimwaka Semeni, lakini ulimi haukumkimbia.

"Sikurudisha, bosi, na nisingerudisha. Basi hela baki nayo, utupe nusu ya siku yenyewe. Mama yangu yuko Kinole, tangu kabla ya mfungo sijamtia machoni."

Kisha meneja akacheka, kicheko ambacho hawakuwahi kukisikia. "Malizeni kazi ya leo. Mkiimaliza, hata saa sita, geti li wazi."

Asubuhi hiyo taipureta zililia kama mvua juu ya bati. Adhuhuri Semeni akatoka getini, akampita Abuu aliyebeba gunia begani.

"We, unakwenda wapi?"

"Kutoa sadaka!"

Akapanda pikapu la kwenda Kinole, mlimani. Alimkuta mama yake, Bi Fatuma, akianika mdalasini mbele ya nyumba. Bibi yule alipomwona mwanawe siku ya kazi, ungo ulimponyoka.

"Mwanangu, wamekufukuza?"

"Hapana, mama. Shikamoo. Nimepewa siku."

Bi Fatuma hakuelewa, na hakutaka kuelewa. Alimshika mkono, wakashuka shambani kukata mananasi, wakisengenya ukoo mzima kwa raha zao. Ukungu ukateremka, gari la mwisho likaondoka bila yeye. Usiku walilala kitanda kimoja, kama zamani.

Alfajiri, pikapu lilipomteremsha Bigwa, Abuu alikuwa amesimama barabarani, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Nilidhani umenikimbia," alisema.

"Nikimbie niende wapi? Pokea kikapu hiki, ni kizito."

Abuu akakitwika kichwani, akashika njia ya nyumbani mbele ya mkewe, akilalamika njia nzima, huku anatabasamu.