Maneno Matano ya Alhamisi

Mfa maji haachi kutapatapa, na Mama Mapacha maji yalikuwa yamemfika puani. Wiki iliyopita, mtaalamu anayewafundisha upya watu walioumia ubongo alimwambia bila kuzungukazunguka: "Mumeo asipoonyesha maendeleo Alhamisi, nafasi yake apewe mwingine. Wanaosubiri ni wengi, mama." Ala! Mtu ameanguka kutoka juu ya nguzo ya umeme, kichwa kikapasuka, halafu anapewa wiki kumi na mbili tu, utadhani anajifunza kufuma vitambaa!

Sasa mwanamke afanyeje? Akaiba mtihani. Siku ya kwanza kabisa alikaa nyuma ya mumewe akasikia maswali yote, na kichwa chake yeye, Mungu ashukuriwe, kilikuwa kizima. Maneno matano ya kukumbuka: kofia, embe, daraja, sindano, jirani. Kisha kuchora saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi. Akamkaririsha Baba Mapacha siku sita mfululizo, mume akinywa chai, akivaa viatu, akioga.

"Kofia, halafu?"

"Embe. Mama Mapacha, nimechoka."

"Utachoka ukishapona! Halafu?"

Alhamisi mwanamume akamwaga maneno yote matano bila kukwama. Saa akaichora, mishale na yote. Mtaalamu akavua miwani, akatabasamu.

"Hongera, baba! Sikutegemea. Nakuandikia barua, Jumatatu urudi kazini. Kiti chako hapa nitampa mgonjwa mwingine."

Lo! Hilo Mama Mapacha hakulipigia hesabu. Aliogopa mumewe afukuzwe kwa kufeli, kumbe hata kufaulu kunafukuza. Na huko kazini ni wapi? Juu ya nguzo! Mtu ambaye juzi tu aliwasha jiko, akateleka sufuria tupu, akaenda zake kulala.

Baba Mapacha akasimama akicheka kile kicheko chake cha zamani, ambacho nyumbani kwao hakikusikika tangu aanguke. Akampa mtaalamu mkono, akampa na mfagizi aliyekuwa mlangoni. "Mama Mapacha, umesikia? Nimepona!"

Moyo ulimuuma mwanamke huyo, jamani. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo chenyewe kilishapangiwa Jumatatu.

"Dada, hajapona," akamwambia mtaalamu. "Nimemkaririsha mimi."

"Mwongo!" Baba Mapacha akafoka. Miaka kumi na minne ya ndoa hajawahi kumfokea mbele za watu. "Umenifundisha lini? Unaona kijicho mimi kupona?"

Wala hakuwa anadanganya, maskini. Katika zile siku sita hakukumbuka hata moja.

Mtaalamu akamtazama huyu, akamtazama yule, asijue amwamini nani.

"Mpe maneno mengine," Mama Mapacha akasema. "Yoyote yale."

Akapewa: taa, mbuzi, kikapu, barua, mvua. Akayarudia palepale, kifua mbele. Wakaongea habari za watoto dakika tano, kisha mtaalamu akauliza, "Haya baba, yale maneno?"

"Maneno gani?"

"Niliyokupa sasa hivi."

Akafikiri. Jasho likamtoka. Mama Mapacha alijua vizuri sifuri ina maana gani: barua ya kazi hakuna, na Alhamisi ijayo kiti hapa kliniki pia hakuna. Watarudi nyumbani na ugonjwa wao, wakauguzane peke yao.

Baba Mapacha akamgeukia. Hasira yote ilishamtoka. Alikuwa mtu aliyepotea tu.

"Mke wangu, niambie hata moja. Wewe si uliyasikia?"

Alikuwa ameyasikia.

"Kwa nini unaninyima?"

Akaubana ulimi kwa meno, akainamisha uso, machozi yakimdondokea mapajani, mpaka aliposikia kalamu ya mtaalamu ikiandika sifuri.