Kompyuta Iliyoamka na Kiswahili

Hivi wewe, umewahi kulala nyumbani kwako vizuri tu, ukaamka asubuhi ukakuta mlango umehamia ukuta mwingine? Basi hivyo ndivyo alivyojisikia Mwanahija siku ile alipofungua steshenari yake pale jirani na soko la Mpanda, akapangusa vumbi la meza, akawasha kompyuta, kisha akabaki amesimama na kitambaa mkononi kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Mama," aliita, "njoo uone alichonifanyia mwanao."

Mama yake, Bi Sikujua, alikuwa ameshakaa kwenye stuli yake karibu na kaunta, mkasi mkononi, anakata picha za pasipoti. Ndiyo kazi yake hapo dukani tangu mumewe alipofariki na Mwanahija akasema mama hatabaki nyumbani anaongea na kuku. Anakata picha, anabana karatasi kwa stepla, anakunja bahasha, anakaribisha watu. Na picha zake anazikata taratibu, ukingo umenyooka, hajawahi kumpunguza mtu sikio. Aliweka mkasi chini, akavaa miwani, akaenda kusimama nyuma ya kiti cha binti yake.

Kweli mambo yalikuwa yamehama. Kile kitufe cha kuanzia, ambacho miaka yote kilikaa kona ya chini kushoto, sasa kilikuwa katikati, kimejipanga na wenzake. Madirisha ya humo ndani, yaliyokuwa na pembe kali, yalikuwa na pembe za mviringo kama sabuni iliyotumika. Nyuma ya vyote palikuwa na picha ya ziwa, maji ya buluu, milima kwa mbali. Lakini lililomshika Bi Sikujua si kitufe wala ziwa. Yalikuwa maneno. Yote yalikuwa ya Kiswahili.

Aliyafanya hayo Abuu, mdogo wake Mwanahija, fundi wa kompyuta. Jana yake jioni alikuja akasema toleo lile la zamani limefika mwisho, halitapewa tena kinga dhidi ya virusi, ni lazima apige windozi mpya, kama wanavyosema mafundi. Akapiga. Katikati ya kazi mashine ikamuuliza anataka lugha gani, naye kwa utundu wake akachagua Kiswahili aone itakuwaje. Halafu asubuhi, kabla dada yake hajafika dukani, akapanda pikipiki kwenda Ugalla kwa wafuga nyuki, ambako chama chao kina kompyuta iliyogoma kuwaka.

Mwanahija alimpigia simu, akaiweka sauti kubwa.

"Dada, usinigombeze," Abuu alisema kabla hata hajasalimiwa. "Nikirudi baada ya adhuhuri naigeuza inakuwa Kiingereza kama zamani. Ni kugusa tu."

"Njoo uiguse haraka. Mimi hapa nimekuwa mgeni kwenye duka langu."

Bi Sikujua alisikia. Aliendelea kusimama pale pale, anasoma polepole, midomo inacheza. Nakili. Kata. Bandika. Tendua. Funga. Kote alikotupa macho alielewa.

Sasa ujue jambo moja. Huyu mama alisoma mpaka darasa la saba kule Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, na mwandiko wake ulisifiwa. Kiingereza kilishampotea chote kikabaki gudi moningi ticha, lakini Kiswahili chake kilikuwa kamili. Tangu aanze kukaa dukani, jicho lake liko kwenye ile kibodi. Alipenda mlio wake, alipenda jinsi herufi zinavyotokea zimenyooka bila mstari wa kuongozea. Kulikuwa na wakati alijaribu kusema, akasema kama mzaha: "Hivi mtu kama mimi nikijifunza hii?" Mwanahija, bila ubaya wowote, akamjibu: "Mama, hii ni ya Kiingereza tupu, utaumia kichwa bure. Wewe kaa upumzike." Basi akakaa, akapumzika. Alipumzika mpaka akachoka kupumzika. Hakusema tena.

Na leo kile Kiingereza kilichomzuia kilikuwa hakipo. Ila baada ya adhuhuri kingerudi.

Wa kwanza kuingia alikuwa Jeniffer, binti wa saluni ya pembeni, aliyefuata chenji. Aliona picha kwenye kioo akasahau chenji.

"He, da Mwanahija, hii si Karema hii?"

"Karema wapi? Ni picha ya Wazungu imekuja na windozi."

"Bibi, wewe si umezaliwa kule? Hebu sema. Huu mlima si ule unaouona ukitoka kwenye boti?"

Bi Sikujua aliinama, akachungulia kwa makini. "Mlima ungekuwa ndio," alisema, "lakini maji ya Karema yana dagaa. Haya hayana hata mtumbwi."

Jeniffer akacheka, akaenda kuwaita wenzake wa saluni, wakaja na vitana kichwani, mmoja nywele zimesukwa upande mmoja tu. Wakaikagua kompyuta kama wanavyokagua kitenge. Huyu alipenda rangi, yule alipenda zile pembe za mviringo. Wakaondoka wamefurahi, na chenji ikabaki.

Mwalimu Ezekia ndiye hakufurahi. Alikuja na flashi yake kuprinti mtihani wa darasa la sita. Mwanahija alimpisha atafute mwenyewe, maana ana haraka zake. Mwalimu alisogeza mausi kwenye kona ya kushoto, akabonyeza. Hakuna kitu. Akabonyeza tena kwa nguvu, kama tatizo ni uvivu.

"Kiko katikati, mwalimu," Mwanahija alimwambia.

"Katikati kinafanya nini? Kimekuwa bwana harusi?" Alikibonyeza, akatazama kilichofunguka, akavua kofia. "Na haya maneno? Bandika. Nibandike nini?"

"Maharage," alisema Bi Sikujua kutoka kwenye stuli yake.

Mwalimu aligeuka, akatamani kukasirika, akashindwa. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Bi Sikujua, usinichekeshe, nina hasira. Mimi mambo haya nilifundishwa kwa Kiingereza. Leo ukiniambia tendua, mkono unasimama, unangoja tafsiri."

"Abuu anairudisha mchana huu," Mwanahija alimtuliza.

"Afadhali. Nitakaa hapa hapa nishuhudie."

Akavuta kiti kweli, akakaa na mtihani wake. Bi Sikujua alirudi kwenye picha zake. Mkasi ulikata, lakini haukuwa na raha.

Jua lilikuwa limepanda alipoingia Mzee Masalu wa Mwamkulu, mfugaji, Msukuma mrefu mwenye koti zito ambalo havui hata kukiwa na joto. Mwanawe, Ngusa, alikuwa anaoa, naye alitaka mwaliko uchapwe, wa kupelekewa ndugu wote. Alisimama mbele ya kaunta, mikono nyuma, akaanza kusema huku Mwanahija anachapa. Alitaja ukoo, akataja walikotoka kabla ya kuhamia Katavi na ng'ombe wao, akataja rangi ya dume litakalochinjwa. Mwanahija alichapa yote. Alipomaliza, akawa anatafuta pa kuprintia. Zamani mkono wake ungefika wenyewe, lakini leo vitu vimehama, na badala yake aligusa kile kialama cha kufungia. Kisanduku kikaruka mbele yake chenye swali, naye akalisoma kwa sauti kama lilivyo:

"Mzee, ungependa kuhifadhi?"

Mzee Masalu alirudi nyuma hatua.

"Hapana," alisema. "Hapana kabisa, binti."

Mwanahija hakushangaa. Wapo wateja wengi wasiopenda habari zao zibaki kwenye mashine ya dukani. Na mwalimu Ezekia wakati huo huo alikuwa anamlalamikia sikioni habari za bwana harusi wa katikati. Akabonyeza Usihifadhi. Mwaliko wote, na ukoo wake, na dume lake, ukapotea.

Kisha Mwanahija akashika kichwa. "Mzee, umesema nisihifadhi."

"Ndiyo, nimekataa," alisema Masalu, bado ana wasiwasi. "Harusi ya mwanangu iende hifadhi kufanya nini? Ng'ombe wangu waliwahi kuingia hifadhi wakifuata majani tu, kuwatoa nilikonda. Sasa unataka kuniingizia na wageni?"

Mwalimu Ezekia aliweka mtihani usoni, mabega yanatikisika. Mwanahija hakujua acheke au alie. Ikabidi Bi Sikujua anyanyuke.

"Mzee Masalu, siyo hifadhi ya tembo," alimwambia kwa upole. "Hapa kuhifadhi ni kuweka kitu kisipotee. Kama mahindi, unavyoyahifadhi ghalani."

"Ghalani?"

"Ghalani. Wamelitumia neno hilo hilo."

Masalu alilitafuna neno lile kidogo. Halafu kicheko kikamtoka tumboni, kikapanda na lile koti, akaegemea kaunta. "Mayu," alimwambia, maana ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, "yaani mimi nimekataa ghala. Nimewafukuza ndugu zangu wote ghalani kwa mdomo wangu."

"Na dume lao," alisema mwalimu.

"Na dume lao. Basi si mbaya, nilikuwa nimemsahau shemeji yangu wa Ugalla, angenuna mpaka mavuno. Binti, tuanze upya."

Wakaanza upya. Safari hii Bi Sikujua hakurudi kwenye stuli. Alisimama nyuma ya kiti, na kila Mwanahija alipokwama, mama alisoma: "Hapo juu kushoto, Hifadhi. Eeh, hapo. Chini yake wameandika Chapisha." Mwaliko ukatoka kwenye printa ukiwa wa moto. Masalu akaushika kwa pembeni kama mkate, akausoma wote pale pale, akacheka tena alipofika kwa shemeji.

Bi Sikujua alikuwa amejisahau kabisa. Uso ulikuwa umemnawiri, miwani imeteremka puani. Ndipo pikipiki ikasimama nje, Abuu akaingia mwekundu kwa vumbi, chupa ya asali kwapani.

"Nipisheni," alisema, "niirudishe kwenu salama." Mwanahija alinyanyuka kwenye kiti akashusha pumzi, Abuu akakaa. Akafungua mahali, akafungua pengine, orodha ya lugha ikatokea kwenye kioo.

"Ngoja kwanza," alisema Jeniffer mlangoni, aliyekuwa amekumbuka chenji yake. "Kwa nini mnaiondoa? Sisi tumeipenda."

"Wewe umependa ziwa," mwalimu alimjibu. "Ziwa litabaki. Yanayoondoka ni maneno."

"Mwacheni Mswahili akae," alisema Masalu. "Mimi na yeye tumeshapatana."

"Mzee, wewe utarudi hapa lini?" mwalimu alimuuliza. "Ngusa ana mdogo wake anayeoa?"

"Anao watano."

Wakacheka wote, kila mmoja anasema lake, mwalimu anapiga meza kidogo, Jeniffer anamwita mkoloni, Masalu anataka kujua kama hiyo mashine ina Kisukuma pia. Mwanahija alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya mtandio. Alisema kwa kweli yeye amechanganyikiwa, mwanzo aliichukia, sasa hajui, ila kazi ni kazi na mikono yake imezoea kile Kiingereza.

"Basi narudisha," alisema Abuu. Akasogeza mausi. Kishale kikapita juu ya orodha, kikasimama kwenye Kiingereza. Kisha, kwa adabu tu, kama mtu anavyomkaribisha mkubwa chakula akijua ameshashiba, akageuza shingo. "Mama, na wewe unasemaje?"

"Aa, mimi tena?" alisema Bi Sikujua. "Nyie fanyeni tu mnavyoona."

Alishasema hivyo mara nyingi maishani mwake. Neno lilitoka lenyewe, laini, na Abuu akageukia kioo. Bi Sikujua alikiona kidole cha mwanawe kinashuka.

Akamshika mkono.

"Usibonyeze, baba."

Wote wakamgeukia. Hata Jeniffer.

"Nimesema vibaya," alisema Bi Sikujua. Mkono wa Abuu hakuuachia. "Mwalimu akija na mwenzake mwenye haraka, muwageuzie Kiingereza, si umesema ni kugusa tu? Wakiondoka, mnirudishie Kiswahili changu. Maana mimi hicho kiti nimekiangalia tangu nilipoanza kukaa hapa."

"Kiti, mama?" Mwanahija aliuliza.

"Kiti, na hiyo kibodi, na hayo maneno." Aliisukuma miwani juu, akamtazama binti yake, na uso wake wote ulikuwa unacheka. "Sitaki kupumzika, mwanangu. Nataka kukaa hapo, nijifunze, nichape mwenyewe."