Nta Chini ya Vijaluba

"Huyu njiwa amegeuka tena," Huguette Thabard alisema. "Jumanne iliyopita nilimwacha anatazama dirisha. Leo anatazama mlango."

Josette, aliyekuwa akikata keki ya cheri mezani, hakuinua kichwa. "Labda kachoka kuangalia mvua ya Limoges. Hata mimi imenichosha."

"Sitanii, Josette."

"Najua. Hujatania tangu tustaafu."

Njiwa mwenyewe alikuwa kijaluba cha kauri, kikasha chenye kifuniko, hakizidi yai la kuku, na mkanda wa shaba kiunoni. Wenzake arobaini walijipanga kwenye rafu ya mwaloni: kiatu, peasi, kitabu cha sala, kobe, vyote vya enzi za mabibi wa mabibi, vilivyookotwa kimoja kimoja kwenye magulio ya vitu vikuukuu. Havikuwa na kazi. Kazi yao ilikuwa kukifanya chumba cha mjane kiwe chumba cha mtu.

Huguette alivipanga kwa jicho. Miaka thelathini na minane kiwandani alikuwa mpiga mistari: kikombe kinazunguka juu ya kigurudumu, brashi imetulia, na uzi wa dhahabu unauzunguka ukingo mpaka mwisho wake ukutane na mwanzo. Josette alikaa meza ya pili, akiisugua dhahabu ile kwa jiwe la akiki hadi ing'ae. Mstari ukipinda kwa unene wa unywele, Huguette aliuona kabla msimamizi hajavaa miwani.

Kwa hiyo akisema njiwa amegeuka, njiwa amegeuka.

"Sina mgeni mwingine ila wewe," alisema.

Kisu kikasimama juu ya keki. "Malizia."

"Kama unavishika, niambie tu. Si kosa kubwa."

"Si kosa kubwa!" Josette akainuka. "Dhahabu yako nimeisugua maisha mazima, sikuchubua hata kikombe kimoja. Leo nije kukuibia usingizi wa njiwa?" Akavaa koti, tundu moja likakosa kifungo chake. "Haya, baki nao. Wakianza kutaga, niite."

Hatua zake zikashuka ngazi, zikamezwa na ngurumo ya mashine.

Mashine ilikuwa ya Roubeyrol, aliyenunua duka la chini pamoja na chumba cha chini ya ardhi, akitaka kukipanua kiwe baa ya mvinyo. Kijana mcheshi, vumbi mpaka kwenye kope. Mchana ule alipanda kuomba radhi kwa kelele.

"Mama Thabard, bado hujanilaani?"

"Kelele nilizizoea kiwandani. Ila vijaluba vyangu vinahama."

Alicheka, kisha akaacha. Macho yake yakapanda ukutani, yakapita rafu, yakafika pembe ya dari, yakakaa pale.

"Vinahama kuelekea wapi?"

"Mlangoni. Vyote."

"Mtetemo tu huo, mama."

Asubuhi iliyofuata, mwoka mikate hajafungua, alirudi na kopo la nta. "Makumbusho wanatumia hii. Punje moja chini ya kila kimoja, havitatikisika hata farasi wakipita."

Basi haikuwa Josette. Huguette aliishika simu, akaitazama, akairudisha mahali pake. Aibu ni jiwe. Kulimeza huwezi, kulitema kunahitaji mdomo mpana. Badala yake alifanya kazi, naye alikuwa mtu wa kazi safi: kila kijaluba akakikandamiza mpaka nta ikatambaa hadi ukingoni.

Nta ilishika. Siku kumi, siku kumi na mbili, njiwa akabaki anatazama dirisha. Mlango wa chumbani ulianza kufunguka wenyewe. Akauzuia kwa kiatu. Dirisha likagoma kufungwa, akailaumu mvua. Kila wasiwasi ulipomjia aliangalia rafu, akaona safu imenyooka, akatulia.

Jumanne ya pili bila Josette, mikono yake ilitoa vikombe viwili kwa mazoea. Vilikuwa vyake, mistari ameipiga mwenyewe. Alimimina kahawa katika kimoja, akaketi.

Akaona kosa.

Upande wa mlango kahawa ilikaribia uzi wa dhahabu. Upande wa dirisha ilikuwa chini yake, pengo la punje nzima ya mchele. Kwanza aliushuku mkono wake wa ujanani. Akakizungusha kikombe polepole, kama kiko kwenye kigurudumu. Uzi ukazunguka. Kahawa haikuzunguka, ilibaki juu upande ule ule wa mlango. Akamimina kikombe cha pili. Vivyo hivyo.

Aliinua macho. Vijaluba vyote vilikuwa vimeinama pamoja na ukuta, kama watu waliotega sikio.

Safari hii simu haikurudishwa.

"Josette. Nyumba imeinama."

"Umepimaje?"

"Kwa kahawa."

Mwingine angecheka. "Katika kikombe chenye mstari wako?"

"Ndiyo."

"Basi toka. Nawapigia zimamoto, halafu nakuja."

"Na vijaluba?"

"Huguette! Toka!"

Alimshika njiwa. Nta ikamshikilia. Alivuta kwa mikono miwili, njiwa akang'oka na kibanzi cha mwaloni. Kiatu hakikuja. Kitabu cha sala kilimwachia kifuniko tu. Ndipo kitu kikagonga chini ya sakafu, mara moja. Kiwandani waligonga kila kikombe kwa ukucha: kizima huimba, chenye ufa hukohoa. Hiki kilikohoa.

Akashuka. Kwenye mlango wa chumba cha chini ya ardhi alimwita Roubeyrol mpaka sauti ikakwaruza. Alipoona haisikiki kwa ngurumo ya mashine, alitupa kile kifuniko gizani. Mashine ikanyamaza. Roubeyrol akapanda mweupe kama unga, hakuuliza kitu, akavuka barabara nyuma yake.

Josette alifika mbio, miguuni ana ndara za nyumbani. Aliangalia kilichokuwa mkononi mwa rafiki yake.

"Ametaga?"

"Nisamehe," Huguette alisema.

"Baadaye. Kwanza pumua."

Roubeyrol alikuwa anatazama juu, pembe ile ile.

"Ulijua," Huguette alimwambia.

"Nilidhani nyumba itahimili, mama."

Bila mashine, mtaa ulikuwa kimya mno. Zimamoto walisikika kwa mbali. Nyuma ya kioo cha ghorofa ya pili, vijaluba vilikuwa vimesimama, kila kimoja mahali pake. Pazia lilining'inia wima katika dirisha ambalo halikuwa wima, na kati ya kitambaa na mbao palikuwa na kabari nyembamba ya giza. Huguette aliipima kwa jicho lake la kazi. Akaipima tena. Kisha akautafuta mkono wa Josette, maana kabari ilikuwa inapanuka.