Saa ya Maiti

Saa nne asubuhi baba alikuwa amelala ndani ya jeneza, akilalamika kwamba unga niliompaka usoni unamwasha.

“Maiti hajikuni,” nikamwambia.

“Niache nijizoeshe, binti yangu. Jumatatu napasuliwa moyo. Huenda kazi hii nikaajiriwa moja kwa moja.”

Sikucheka. Mimi ndiye mpambaji wa filamu hii ya wezi wa makaburi na wafu wanaofufuka, na ndiye niliyemwombea baba nafasi ya maiti. Nafasi ya mwizi nilimwombea baba mdogo. Hakuna aliyejua habari za mwenzake. Mmoja nilimpamba stoo, mwingine chooni, na ndevu nilizombandika baba mdogo zingemfanya hata mama yake mzazi asimtambue.

Miaka sita hawasemeshani. Babu alipokata roho, baba alimvua saa ya mkononi, na baba mdogo akamwita mwizi wa maiti mbele ya waombolezaji. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Nimelima mpaka jembe limeisha makali, na wao bado. Nilitaka wacheze, wacheke, kisha niwafute nyuso kabla ya Jumatatu.

Nilisahau kukagua vifaa. Saa ya bandia ilibaki nyumbani kwa mtunza vifaa, na baba, mtu wa kusaidia, alikuwa amevaa yake. Ileile.

“Kamera!” mwongozaji akaita.

Baba mdogo alifunua jeneza, akashika mkono wa maiti, akaigeuza saa. Akaganda. Ufa wa pale pembeni mwa kioo anaujua tangu utoto.

Kwenye filamu, hapo maiti anaketi, ananguruma, mwizi anatimua mbio. Baba aliketi vizuri, akanguruma vizuri. Mwizi hakukimbia.

“Kaka?”

Ngurumo ikakatika.

“Kimbia, wewe!” mwongozaji akanong'ona.

Baba alimtazama yule mwizi mwenye sauti ya mdogo wake. “Nilimvua kweli,” akasema. “Niliogopa atazikwa nayo, tusibaki na kitu chake. Nilitaka tuivae kwa zamu, ukaniwahi kwa matusi.” Akafungua mkanda wa saa. “Chukua. Jumatatu napasuliwa moyo. Sitaki kwenda na jambo hili.”

Baba mdogo akaichukua, akaivaa papo hapo. Nilimchukia kwa nukta moja.

“Nakushikia tu,” akasema. “Hospitali watakuvua kila kitu. Ukitoka, utanikuta mlangoni.”

“Kata! Maiti analia! Mpambaji yuko wapi?”

Nilikwenda na kopo la unga, machozi yananitoka mimi pia, nikampaka baba mpaka masikioni.

“Tunarudia,” mwongozaji akasema. “Saa irudi mkononi mwa maiti.”

Baba mdogo alificha mkono mgongoni kama mtoto.

“Tafuteni nyingine,” akasema. “Hii ina mwenyewe, na mwenyewe yu hai.”