Dawa Baada ya Chakula

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kumpima mtu yeyote, nilikuwa nawafundisha wagonjwa waliojaa kwenye mabenchi ya kituo chetu cha afya, hapa Ngezi. Nina sauti kubwa na sina subira. Wenyewe wananiita Vahwere Mukali. Somo langu lilikuwa fupi: dawa humezwa baada ya chakula, kamwe si na tumbo tupu. Nililirudia mpaka wakaliitikia kama wimbo, nami nikavimba kichwa.

Mama Arlette hakukosa hata Jumatatu moja. Alikuwa amekimbia vita kutoka Bambu na binti yake Arlette, wa miaka kumi na miwili, mwenye kifafa. Nilimpa vidonge vya kila siku na kumwonya kwamba mtoto akivikosa, kifafa kitamrudia kwa nguvu. Alivifunga kwenye pindo la kitenge kama anayeficha dhahabu.

Lakini Arlette aliendelea kuanguka. Mwezi wa pili nilimfokea mama yake mbele ya watu.

“Weye unamupatia mutoto dawa, ao unamupeleka tu kwa maombi?”

“Namupatia, mama muganga. Vile ulitufundisha.”

Sikuuliza zaidi. Foleni ilikuwa ndefu, na moyoni nilishamhukumu kuwa mbishi.

Mwezi wa tatu Arlette alianguka kijitoni akichota maji, peke yake. Maji yenyewe hayafiki magotini. Walipomkuta alikuwa ameshakufa.

Wiki moja baada ya maziko mama yake alikuja, akasubiri zamu yake kama kawaida, kisha akaniwekea vidonge mezani. Vilikuwa vingi, zaidi ya nusu ya vile nilivyompa. Hasira zikanipanda.

“Juu ya nini haukumupatia?”

“Nilimupatia kila siku yenye tulikula,” akasema. “Siku hatukukula, niliogopa. Ulisema na tumbo tupu ni mubaya.”

Miezi mitatu nilimuuliza habari za vidonge. Habari za sufuria yake sikumuuliza hata siku moja. Niliona aibu ambayo haijaniacha mpaka leo.

Akavisogeza vile vidonge kwangu taratibu, kwa mikono miwili.

“Vichukue, mama. Utamupatia mutoto wa nyumba yenye wanakulaka kila siku.”