Chuma cha Kengele

Mlinzi alisimama chini ya rimu ya lori iliyoning'inizwa mbele ya ofisi, chuma mkononi. Rimu hiyo ndiyo kengele ya shule, na yeye ndiye aliyeipiga tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Leo mkono ulimgomea.

Nje ya geti walisimama walimu waliogoma. Mbele yao kabisa alikuwa bintiye, mwalimu wa darasa la pili.

"Mzee, unasubiri nini?" ofisa wa elimu alifoka kutoka barazani. "Mahakama imeshasema mgomo ni haramu. Kengele ikilia, aliye nje hana kazi. Piga!"

"Nina mtoto pale, bosi."

"Basi kamwite. Na ukigoma na wewe, ujue kile chumba mnacholala ni cha shule."

Mzee akajikokota hadi getini. Maji yalikuwa yamemfika shingoni: akipiga, mtoto hana kazi, asipopiga, hawana pa kulala.

"Mwanangu, ingia," alibembeleza kupitia nondo. "Kanyaga humu ndani tu, kengele ilie, halafu utoke ukaendelee na kelele zako."

Walimu wakaangua kicheko. "Baba, huu ni mgomo au mchezo wa kombolela?" bintiye akauliza.

"Sheria imekataza. Sheria ni msumeno, mama."

"Msumeno gani wenye meno upande mmoja? Mama si alitii? Walipoambiwa mgomo wao haramu, alirudi darasani kwa ahadi ya bima ya matibabu. Alifia wapi, baba?"

Mzee alipajua. Mkewe alifia kwenye benchi la hospitali, amekumbatia pochi, anaambiwa kadi yake ya bima haitambuliki. Wakubwa waliotoa ile ahadi hakuna aliyewapeleka mahakamani. Mkubwa akivunja neno, mambo yako kwenye mchakato. Mnyonge akivunja, ni jinai.

"We mzee!"

Alirudi chini ya rimu, akainua chuma. Mkono ukakwama hewani. Madirishani watoto walichungulia, wakisubiri. Akaushusha taratibu, akaenda akafungua geti, akatoka na chuma chake.

Ofisa hakumkimbiza. Aliinama, akaokota jiwe, akaitwanga rimu mwenyewe kama anayeua nyoka. Kengele ikawalilia wote wakiwa nje.

"Jamani, baba!" Bintiye alimshika bega. "Si ungebaki walau wewe, tuwe na pa kulaza ubavu?"

Mzee alitazama chumba chao ng'ambo ya nondo. Gauni la bintiye lilikuwa bado kwenye kamba, linachuruzika maji.

"Nimefunga mlango," alisema, akipapasa mfukoni. "Ufunguo huu hapa."

"Ufunguo wa nini tena, baba?"

Alibaki kasimama, chuma mkono huu, ufunguo mkono huu.